Maswali yenu: kilo, gramu na nukta inayohama

Swali: Mwalimu shikamoo. Mwanangu yuko darasa la tano na kila akipewa kubadili kilo kuwa gramu, au gramu kuwa kilo, anakosa. Jana kaandika kg 4.5 ni sawa na g 0.0045, nikamuuliza umepataje, anasema "tuliambiwa tuhamishe nukta mara tatu". Na mimi nikikaa nae nachanganyikiwa, wapi nazidisha wapi nagawanya. Tusaidie. (Mama wa darasa la tano)

Jibu: Marahaba mama. Mwanao mara tatu kahesabu vizuri kabisa, kilichomponza ni upande, kaipeleka nukta kushoto badala ya kulia. Na hii iko sana, watoto wanakaririshwa "kubwa kwenda ndogo zidisha, ndogo kwenda kubwa gawanya", kanuni ni sahihi lakini mtoto anaimba tu, siku ya mtihani akipata presha kidogo inamgeukia.

Kabla hajagusa nukta muulize swali moja: hii namba itaongezeka au itapungua? Basi. Gramu moja ni kitu kidogo, klipu ndogo ile ya kubania karatasi ina uzito wa kama gramu moja hivi. Sasa mwambie achukue mzigo wa kilo nne na nusu upande mmoja wa mizani, upande wa pili aweke klipu mpaka mizani ilale sawa, atahitaji klipu ngapi? Atakwambia mwenyewe nyingi sana, maelfu. Kwa hiyo jibu haliwezi kuwa 0.0045, hiyo ni miligramu 4.5, ukiwekewa kiganjani hata hutasikia kama kuna kitu. Jibu ni g 4,500. Kipimo kikiwa kidogo namba inakuwa kubwa, kipimo kikiwa kikubwa namba inakuwa ndogo, uzito wenyewe haujaguswa.

Akishajua upande ndo aanze kuhesabu hatua. Mpangilio kutoka juu ni kilogramu, hektogramu, dekagramu, gramu, desigramu, sentigramu, miligramu, na kila hatua ni kumi. Kilo mpaka gramu ni hatua tatu, yaani 1,000, gramu mpaka miligramu tatu tena, kwa hiyo kilo moja ina miligramu 1,000,000. Ukweli ni kwamba hektogramu na zile za katikati huwezi kukutana nazo mara kwa mara, watu wanaruka moja kwa moja toka kilo kwenda gramu kwenda miligramu, lakini mtoto azijue maana ndizo zinazomuonyesha ile 1,000 imetoka wapi, haijashuka tu kutoka mbinguni.

Na kuna mtego mwingine ambao naona unawaangusha watoto kuliko huo wa upande. Mpe kg 5 na g 40 aandike kwa kilo peke yake. Wengi wataandika kg 5.4. Hapana! kg 5.4 ni kilo tano na gramu mia nne, hapo kashaongeza gramu 360 ambazo hazipo. Gramu 40 ni sehemu 40 katika 1,000, kwa hiyo ni 0.040, jibu ni kg 5.04. Mfundishe gramu zikiwa chini ya mia aweke sifuri mbele mpaka zitimie tarakimu tatu, 40 iwe 040, 7 iwe 007, ndipo azibandike baada ya nukta. Kwenye kutoa pia, mfano kg 5 g 40 toa kg 2 g 375, kama kukopa kunamsumbua ageuze zote ziwe gramu, 5,040 toa 2,375 inabaki 2,665, alafu arudishe, kg 2 g 665. Hiyo njia ni ndefu kidogo lakini kwa mtoto anayebabaika kwenye kukopa naipenda zaidi.

Swali: Kwanini kipimo cha msingi cha dunia nzima ni kilogramu na sio gramu? Mita haina "kilo" mbele, sekunde haina, mbona huku wameweka? (Mwanafunzi wa sekondari)

Jibu: Umeuliza swali zuri sana, na jibu lake liko kwenye historia. Ufaransa mwaka 1795 walianza na gramu kweli, wakasema ni uzito wa maji yanayojaa sentimita moja ya ujazo, yakiwa kwenye baridi ya barafu inayoyeyuka. Tatizo gramu ni ndogo mno kutengenezea kipande cha chuma cha kulinganishia mizani na biashara, kwa hiyo walichokitengeneza ni cha gramu elfu moja, na mwaka 1799 kikawekwa kwenye hifadhi ya nyaraka za Ufaransa kikiwa cha platini. Mwaka 1889 kikapokelewa kingine cha platini iliyochanganywa na iridiamu, kikatunzwa Sèvres karibu na Paris, na kwa miaka mingi kile kipande ndicho kilikuwa kilogramu yenyewe, nchi nyingine zinapeleka nakala zao kulinganishwa nacho. Walipokuja kulinganisha wakakuta nakala na cha asili vimepishana kwa mikrogramu kadhaa (mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu), na hapo hakuna wa kumlaumu kwa sababu kwa maana iliyokuwepo kile cha asili hakiwezi kukosea! Ndo maana tangu tarehe 20 Mei 2019 kilogramu haitegemei tena kipande chochote cha chuma, inatokana na namba ya Planck, namba ya kudumu ya fizikia ambayo haibadiliki popote ulipo.

Lakini jina lilishazoeleka likabaki. Na ukumbuke viambishi, yaani vile vya mbele kama kilo na mili, bado vinabandikwa kwenye gramu, sehemu moja ya milioni ya kilogramu tunaiita miligramu, hatusemi mikrokilogramu.

Swali: Natunza mgonjwa nyumbani. Karatasi moja imeandikwa 0.25 mg, pakiti ya dawa imeandikwa 250 mcg. Ni dozi moja au mbili tofauti? Naogopa kukosea. (Mtunza mgonjwa)

Jibu: Ni dozi moja. Mcg ni mikrogramu, na miligramu moja ina mikrogramu 1,000, kwa hiyo 0.25 mara 1,000 ni 250. Na umefanya vizuri kuogopa, kwa sababu kuchanganya hivi viwili ni kukosea mara elfu moja, mgonjwa anaweza kupoteza maisha. Alama ya mikrogramu ikiandikwa µg kwa mwandiko wa haraka inafanana kabisa na mg, ndo maana kwenye dawa ni salama zaidi kuandika mcg, au bora zaidi neno zima. Nukta nayo ni hatari: andika 0.5 usiandike .5, nukta ikififia inasomeka 5, na usiandike 5.0 kwa sababu hiyo hiyo, itasomeka 50.

Alafu usichanganye mg na ml. Mililita ni ujazo, huwezi kubadili mpaka ujue dawa imekolea kiasi gani. Chupa ikisema 125 mg kwa kila 5 ml, na umeambiwa umpe 200 mg, basi kila mililita ina 25 mg, unampa 8 ml. Ukiwa na wasiwasi hata kidogo piga simu kwa mfamasia kabla ya kumpa, usione aibu, hiyo ndiyo kazi yake.

Swali: Mwalimu wetu anakata maksi usipoandika kipimo kila mstari, hata kama namba iko sahihi. Si uonevu huo? (Kidato cha kwanza)

Jibu: Sio uonevu, na nakueleza kwanini. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Kwenye tangi mlikuwa na lita 7,682. Ili kupata kilo walitakiwa kuzidisha kwa 0.8 hivi, wao wakatumia 1.77, ambayo ni uzito wa lita moja kwa pauni na sio kwa kilo. Wakapata 13,597 wakaiita kilo, kumbe ni pauni, wakaongeza lita 4,917 wakati zilitakiwa kama lita 20,000. Injini zote mbili zikazima angani, rubani akaishusha ndege ikielea bila injini kwenye uwanja wa zamani wa jeshi pale Gimli, Kanada, na watu wote wakapona. Kuzidisha walizidisha vizuri, namba zilitembea peke yake bila kipimo chake. Angalia mstari ungeandikwa "lita × pauni kwa lita", jibu lingejitaja lenyewe kuwa ni pauni.

Swali: Tumebishana kazini. Mzigo wa tani 1.05 ni kilo 1,005 au 1,050? (Wapakia mizigo)

Jibu: 1,050. Tani moja ni kilo 1,000, ile 0.05 iliyobaki ni mara 1,000 sawa na kilo 50. Kilo 1,005 ingeandikwa tani 1.005. Ila mzigo ukitoka Marekani soma makaratasi vizuri, tani yao ya kawaida ni pauni 2,000, kama kilo 907 tu, kwa hiyo mzigo huo huo wa 1.05 ungekuwa na kilo 953 hivi.