Nyoka aliyetupwa motoni hatoi miguu

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Tuliua nyoka shambani tukamtupa motoni. Punde vikachomoza vitu viwili vyekundu karibu na mkia. Wazee wakasema hiyo ndiyo miguu aliyoificha tangu zamani. Binti yangu naye kafundishwa shuleni kwamba nyoka walikuwa na miguu. Je, tulichokiona ni ushahidi?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Mlichokiona ni viungo vya uzazi vya dume.

Nyoka dume anavyo viwili, vimepinduliwa kama soksi na kukaa ndani ya shina la mkia, nyuma tu ya tundu la haja. Joto linapokaza misuli na kuchemsha majimaji, shinikizo huvisukuma nje. Kwa nyoka wengi vina vimiiba, na anayetafuta vidole hapo atavipata. Vipasue: hakuna mfupa hata mmoja. Jike hana viungo hivyo, ndiyo maana "miguu" hii huonekana kwa baadhi ya nyoka tu. Sijui kwa nini hilo halimshtui mtu. (Na mkishaua nyoka, msimguse kichwa, kilichokatwa bado kinaweza kuuma.)

Kinachonichosha ni kwamba uzushi huu unafukia jambo la kweli. Binti yako yuko sahihi. Mtazame chatu: kando ya tundu la haja ana vikucha viwili, na nyuma ya kila kimoja, ndani ya nyama, kuna masalia ya mfupa wa paja na nyonga. Hivyo huonekana kwenye eksirei. Vya motoni havionekani.

Visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa ndani ya mawe, vinasema zaidi. Najash, nyoka wa kale aliyetangazwa mwaka 2006 kutoka mkoa wa Río Negro, Argentina, aliishi nchi kavu miaka milioni 95 hivi iliyopita. Umuhimu wake si miguu ya nyuma peke yake. Nyonga yake bado imeshikana na pingili za uti wa mgongo, na miguu iko nje ya mbavu, jambo ambalo hakuna nyoka wa leo analo. Eupodophis, nyoka mwingine wa kale wa Lebanon, mwenye urefu wa nusu mita hivi, alionyesha mguu mmoja tu juu ya jiwe, wa sentimita mbili. Wa pili ulikuwa umefukiwa ndani. Badala ya kuuchimba na kuuharibu, watafiti walilipiga jiwe eksirei kali huko Grenoble, Ufaransa, wakaona paja, mifupa ya chini ya goti na vifupa vinne vya kifundo. Wayo na vidole havikuwepo.

Ila mguu peke yake haumfanyi mnyama kuwa nyoka. Mwaka 2015 Tetrapodophis wa Brazili alitangazwa kwa shangwe kuwa nyoka wa miguu minne. Mwaka 2021 watafiti wengine walilichunguza upya fuvu na mifupa yake, wakasema ni mjusi wa majini mwenye mwili mrefu. Juu ya hayo, haikujulikana lini wala vipi kisukuku hicho kilitoka Brazili, nchi ambayo tangu 1942 inataka kibali kwa anayechimba visukuku. Sasa wewe unaletewa video ya sekunde kumi, au jiwe la sokoni "lenye nyoka mwenye miguu", na muuzaji hajui hata limetoka korongo lipi! Jiwe la namna hiyo haliwezi kupewa umri, na gundi na rangi hutengeneza mguu kwa jioni moja.

Linganisha na Rukwanyoka, nyoka wa kale aliyetangazwa mwaka 2014 kutoka bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania. Hana mguu wala fuvu, ni pingili tu, ndogo kiasi cha kupotea mfukoni. Lakini tabaka zilikotoka linajulikana, la miaka milioni 25 hivi, na pingili nyingine za humo ni za ukoo wa fira na koboko.

Kwa hiyo ukikuta mfupa ndani ya mwamba, usiuchokonoe, usiuoshe, usiupake gundi. Weka rula kando yake, piga picha ya karibu na ya mbali inayoonyesha korongo zima, andika mahali, kisha wajulishe Makumbusho ya Taifa. Mfupa uachwe pale pale.