Ukitaka Kuielewa Mitosisi, Anza na Kitunguu

Mwulize mwanafunzi hatua za mitosisi, yaani seli moja kugawanyika kuwa mbili zinazofanana, atakutajia profezi, metafezi, anafezi na telofezi bila kukwama. Mwulize kila hatua ina kromosomu ngapi, zile nyuzi zinazobeba urithi, hapo ndipo anababaika. Kinachomponza ni mchoro wa kitabuni: seli yenye kromosomu nne, kila hatua kwenye kisanduku chake. Dawa ni kitunguu maji, cha Marikiti au cha mama mboga wa mtaani, hakina tofauti.

Kitunguu kina kromosomu 16, tena nene, kwa hivyo hadubini ya shule inatosha. Chagua kikavu na kigumu. Kwangua mizizi mikavu kwa wembe, juu juu tu, maana ukikata kile kisahani cha kitako, mizizi mipya haioti. Kichome vijiti vitatu vya meno ubavuni, ukiegeshe kwenye mdomo wa glasi, maji yaguse kitako peke yake. Kikizama kinaoza. Badilisha maji kila siku. Kwa siku mbili hadi nne mizizi hufika sentimita moja au mbili. Nairobi ya Julai, na baridi yake, ongeza siku.

Kata sentimita moja ya ncha na kuitia papo hapo kwenye mchanganyiko wa ethanoli sehemu 3 na asidi asetiki sehemu 1. Iache humo usiku kucha. Seli zinasimama pale pale zilipofika.

Hatua inayofuata ndiyo huharibu kazi za wengi. Seli za mmea zimegandana kwa pektini, nayo hulegezwa na asidi ya haidrokloriki ya molari 1, kwa dakika 5, kwenye joto la nyuzi 60. Changanya maji ya birika na ya bomba kwenye kikombe hadi kipimajoto kisome 60, kisha simamisha testitubu humo. Vaa miwani na glovu. Ukiruka hatua hii utaona lundo la seli zilizopandana. Ukipitiliza muda, ncha inasambaratika na rangi haishiki vizuri. Suuza kwa maji kabla ya kuendelea.

Sasa chukua milimita 2 za mwisho, basi. Hapo ndipo seli hugawanyika. Juu yake zinarefuka tu. Ukiona seli ndefu kama matofali yaliyolazwa, umekata mbali na ncha, usilaumu hadubini. Weka kipande juu ya slaidi, kwenye tone la asetokamini, rangi nyekundu ya kuonyesha kromosomu, ukiponde kwa sindano ya chuma, kwa sababu chuma kidogo hukoleza rangi hiyo. Subiri dakika 5 hadi 10. Funika kwa kioo chembamba, weka karatasi ya shashi juu, ubonyeze kwa kidole gumba, wima. Kioo kikiteleza kando, seli zinabiringika na kromosomu zinavurugika.

Anza na lenzi ya 10, halafu ya 40. Seli nyingi zitakuwa kwenye interfezi, kipindi cha kati ya mgawanyiko mmoja na mwingine: viini vya mviringo visivyo na nyuzi zinazotengana. Slaidi haijaharibika. Hesabu seli 200, gawanya zile zinazogawanyika kwa jumla, zidisha kwa 100. Hiyo ni asilimia ya seli zilizo kwenye mitosisi. Hatua yenye seli chache ni hatua inayopita upesi, na anafezi mara nyingi ndiyo adimu.

Kuhusu idadi, hesabu sentromia, kile kifundo cha kila kromosomu, usihesabu mikono inayotoka kwenye kifundo hicho. Kwenye profezi na metafezi kuna kromosomu 16, kila moja ikiwa na kromatidi mbili, nakala pacha zilizoshikana kwenye sentromia, yaani kromatidi 32. Anafezi ikianza, kromatidi hizo zinaachana, na kila moja sasa ni kromosomu kamili: 32 ndani ya seli moja. Telofezi ikiisha, kila kiini kina 16. DNA yenyewe ilikwisha kuongezeka maradufu mapema, wakati wa interfezi, ambayo vitabu vya zamani viliiita mapumziko, jina baya kabisa. DNA inapoongezeka idadi ya kromosomu haibadiliki. Idadi inapoongezeka, DNA haiongezeki.

Jihadhari na metafezi. Kitabuni kromosomu zimepanga mstari katikati, kwa kuwa mchoraji ameitazama seli kutoka ubavuni. Kwenye slaidi iliyobonyezwa, seli hulala vyovyote, na ukiitazama kutoka kwenye ncha yake mstari ule unakuwa duara au nyota. Wengi huiandika profezi. Kama kromosomu ni fupi, nene na zimekaa kwenye ngazi moja ya fokasi, ni metafezi.

Na usichore seli ya kitunguu ikibanwa kiuno. Kubanwa huko ni kwa seli za wanyama. Hapa ukuta mpya huanza katikati na kutambaa kuelekea kingo. Kwenye telofezi iliyokomaa utauona kama mstari mwembamba kati ya viini viwili.