Kwa Binti wa Makambako Aliyeniuliza Kama Ana Kipaji

Wiki iliyopita binti mmoja wa Makambako aliniandikia usiku: "Kamwene dada. Nina hadithi tatu, zote zimeishia katikati. Nitajuaje kama kweli nina kipaji?" Nilikaa siku tatu bila kumjibu. Swali lenyewe nalijua. Niliwahi kumpelekea mtu swali hilohilo, na jibu lake lilinila miaka miwili.

Mama yangu alikuwa anauza vitenge sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya. Soko lilipoungua mwaka 2006 nilikuwa darasa la sita. Moto wenyewe siukumbuki sana. Namkumbuka mama siku ya pili yake, ameinama kwenye majivu anatafuta mkasi wake wa kukatia vitambaa, kwa sababu, alisema, mkasi ni chuma, hauwezi kuisha wote. Alitafuta hadi mchana. Alipoupata, mweusi, umekaza hata haufunguki, ndipo akakaa chini akalia. Nimekua na mkasi ule kichwani, na nilipoanza kuandika riwaya ndio ulionivuta.

Mwaka 2018 niliupeleka mswada Dar es Salaam. Kurasa 140, nimelipia kuchapisha kwa fedha ya magunia manne ya viazi vya shamba letu la Uyole. Mhariri aliyenipokea, sitamtaja, alisoma kurasa mbili mimi nimesimama, akaufunika. "Hadithi si mbaya, ila Mwanjelwa nani anapajua? Ihamishie Dar. Weka Masaki, weka ufukwe." Halafu akaniuliza kama nina hakika kwamba mimi ni mwandishi. Nikamjibu, "Ndiyo nimekuja kukuuliza wewe, kaka."

Maneno yake niliyasamehe zamani. Jibu langu mimi bado linaniuma.

Nikirudi Mbeya, basi lilipokuwa linapanda mlima Kitonga nyuma ya malori, tayari nilikuwa nimeshambadilishia mama jina na kumfungulia duka Masaki, kwa matajiri wa Dar. Nikaandika hivyo miaka miwili. Sijawahi kuingia ndani ya nyumba ya Masaki, sijui wanaamka saa ngapi wala jikoni kwao kunanukia nini, kwa hiyo kila sura watu wangu walikaa kwenye makochi wakaongea, wakanyamaza. Mkasi ukakosa mahali pa kukaa. Nikautoa. Baada ya kuutoa, nikaacha kabisa kuandika.

Julai 2020 nilikuwa natafuta karatasi ya kupigia mahesabu ya duka, nikafungua kaunta buku la zamani, nikaangukia ukurasa wa mkasi kwa mwandiko wangu. Niliusoma wote nimesimama pale kaunta, mteja ananisubiri. Ulikuwa mzuri. Nilijua ni mzuri, na sikumpigia mtu simu kumwuliza.

Kuanzia kesho yake nikawa naamka saa kumi na moja alfajiri. Mnaoijua Julai ya Mbeya mnajua ninachosema: blanketi mabegani, kikombe cha chai ya rangi nakishika kwanza vidole vikubali, ndipo nashika kalamu. Ukurasa mmoja, kwa mkono, kabla watoto hawajaamka. Nilikuwa sirudii kusoma vya nyuma isipokuwa mistari ya mwisho ya jana, nipate pa kukanyaga. Wala sikumwonyesha mtu, hata mume wangu. Miezi saba, ikaisha.

Niliitoa kwa vipande kwenye kundi la WhatsApp, shilingi 1,000 kwa riwaya nzima, malipo kwa simu. Wa kwanza walikuwa wasomaji 63. Mama mmoja wa Tunduma, ambaye naye kibanda chake kiliwahi kuungua, aliniandikia: "Mwanangu, habari za mkasi nani alikuambia? Mimi nilitafuta mizani." Ujumbe ule ninao hadi leo. Hakuna mhariri atakayeweza kuufuta.

Kwa hiyo sikilizeni, wenzangu mnaoandika. Acheni kuomba ruhusa. Mnapeleka sura moja kwa rafiki, sura moja kwa mwalimu, kila mmoja anachomoa jiwe moja, halafu mnashangaa nyumba haisimami. Malizeni kwanza. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha wa serikali ya kikoloni, ana ofisi ya kwenda kila siku, na vitabu akatuachia. Leo kuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, washindi wake wa kwanza walitangazwa 2023, inapokea miswada ya Kiswahili kutoka kwa watu wasiojulikana kama sisi. Lakini huwezi kupeleka nusu ya mswada. Malizeni! Na andikeni kuhusu mahali mnapopajua. Kama ni Igurusi, iwe Igurusi, na mpunga wake na vumbi lake. Anayesema hapajui, atapajua akisoma.

Binti nilimjibu juzi. Sikumwambia ana kipaji, kwa sababu nikimwambia leo, kesho atarudi kuuliza tena. Nilimwambia achague moja kati ya zile tatu, mbili azifungie sandukuni, na saa aliyoichagua ya kuandika aniandikie kwa maandishi. Amechagua ile ya dereva wa lori la mbao anayetoka Mafinga na mzigo usio wake. Saa yake ni saa nne usiku, akishafunga kibanda cha kutolea fedha. Amesema amefika ukurasa wa 31, lori limekwama mlimani na mvua imeanza.