Kijani cha mahindi kinapotoka kama plastiki

SWALI: Nachora mashamba ya mahindi upande wa Ganda, nje ya mji wa Malindi, kwa rangi za akriliki. Kijani changu hutoka kama cha ndoo ya plastiki, mistari ya mahindi hukaa kama meno ya kitana, na rangi hukauka kwenye paleti, kibao changu cha kuchanganyia rangi, kabla sijamaliza anga. Nakosea wapi?

JIBU: Tuanze na kijani, maana ndicho kinachoharibu picha nyingi za shamba. Usikipake kama kilivyotoka kwenye tyubu. Changanya manjano na buluu ya ultramarini, ukianza na sehemu 4 kwa 1, kisha tia nyekundu kidogo mno, ya ncha ya kisu. Nyekundu ndiyo huuzima ule ukali. Kwa majani ya chini, yaliyo kivulini, manjano na nyeusi kidogo hutoa kijani cha zeituni kizuri sana.

Sasa litazame jani lenyewe. Saa 1 na nusu asubuhi, simama jua likiwa mbele yako. Jani linalopenywa na mwanga huwaka kwa kijani cha manjano. La jirani, lililolala, huakisi anga na kuwa la kijivu chenye usamawati. Yakipata rangi moja, shamba limekufa. Ukingo wa jani la muhindi una mawimbi kwa kuwa hukua kupita mshipa wa kati, kwa hiyo tumia brashi bapa, ikandamize, uizungushe pale jani linapokunjika, na papo hapo ubadilishe rangi: sasa unaona upande wa chini. Ukikuta jani la chini lina umanjano ulioanzia nchani ukafuata mshipa kama herufi V, lichore hivyo hivyo. Ni dalili ya udongo kupungukiwa na naitrojeni, na shamba halisi huwa nayo.

Mistari ni suala la urefu wa jicho. Yote hukutana kwenye nukta moja, katika usawa wa macho yako. Mahindi yakiwa ya magotini, vilele na mashina yote hupanda kuelekea nukta hiyo. Yakikupita kimo, mashina hupanda lakini vilele hushuka. Wengi huvipandisha vyote, ndipo kitana kinapotokea. Yakishatoa mbelewele, mistari huonekana kwa shida. Chora wingi wa majani, na mistari uiache kwenye nafasi chache za kupitia.

Paleti ni jambo jepesi. Upepo wa kusi hukausha akriliki upesi, basi tandika kitambaa kilicholowa kwenye sinia, juu yake karatasi ya kuokea, rangi ikae hapo, na ufunike unapopumzika. Anga ipake kwanza, kabla hujagusa shamba. Na kumbuka akriliki hukolea ikikauka: jaribu kila mchanganyiko kwenye kipande cha kanvasi, usubiri ukauke, ndipo uupeleke kwenye picha.