Ukienda kufundisha kisomo kijijini, anza na karatasi inayowauma

Jamani nyie mnaotaka kwenda vijijini kufundisha watu wazima kusoma, mi nimeifanya hiyo kazi misimu miwili Kanda ya Ziwa, kwenye vijiji vya pamba, na nilianza vibaya. Nilianza na a e i o u kama darasa la kwanza, wiki ya tatu chini ya mwembe wamebaki kina mama wanne, wengine wameaga kwa heshima tu, mwalimu shamba limeota majani.

Sasa siku moja bibi mmoja akafungua pindo la kanga akatoa stakabadhi ya pamba, imekunjwa mpaka imechanika katikati, akasema mwanangu nisomee hapa. Nikaona badala ya kumsomea niiandike yote ubaoni, kilo, bei, makato, jumla, tukasoma wote mpaka jua linazama. Kumbe amekatwa hela ya chupa za dawa ya wadudu wa pamba ambazo hajawahi kuchukua! Kesho yake darasa likajaa, kila mtu na stakabadhi yake mkononi.

Walienda kudai wenyewe, mi nilikataa kuwa msemaji wao, na hapo nawaomba sana mnisikilize, ukiwasemea leo basi ukiondoka na sauti inaondoka. Wengine walirudishiwa, wengine mpaka leo bado. Ila baada ya hapo hawakushikika, wakaanza kunakili mapato na matumizi yaliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, mkutano mkuu ulipoitwa (na kisheria ni kila miezi 3) wakauliza hela ya pampu ya kisima iko wapi, wakaunda kamati, mweka hazina wakamchagua palepale darasani.

Wazee wetu wanalijua hili, mwaka 1973 kwenye kampeni ya Mtu ni Afya watu walikaa kwa vikundi wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, halafu wakatoka wakachimba vyoo.

Vingine ni vidogo ila vinaua darasa. Usifundishe wakati wa palizi. Saa 10 jioni inafaa kuliko asubuhi. Na beba miwani ya kusomea, nilikuwa na mzee nikidhani haelewi kabisa, kumbe macho, siku aliyovaa miwani alisoma jina la marehemu mkewe kwenye kadi ya kliniki ya zamani, akanyamaza, akalisoma tena.