Kava: jeni za mmea ndani ya hamira

Dada, umeuliza kama dawa ya mmea ya kupunguza wasiwasi inaweza kutengenezwa bila kulima mmea wenyewe. Kwa kava inawezekana, na kazi hiyo imenifurahisha sana. Kava ni ndugu wa pilipili manga. Watu wa Vanuatu, Fiji na Tonga hunywa maji ya mizizi yake kutuliza mwili na akili. Hauzai mbegu! Kila mche umetokana na kipande cha shina kilichopandwa kwa mkono wa mtu, kizazi baada ya kizazi.

Mwaka 2019 maabara ya Jing-Ke Weng, katika Taasisi ya Whitehead huko Marekani, ilionyesha vimeng'enya vinavyounda kavalaktoni, kemikali zinazoleta utulivu huo. Kimeng'enya kikuu kimetokana na jeni ya kale iliyomo karibu katika mimea yote ya nchi kavu: ilijinakili, nakala ikabadilika, ikapata kazi mpya. Watafiti walitia jeni hizo kwenye bakteria na hamira, kavalaktoni zikatoka.

Ila vidonge vya kava usivikimbilie. Ujerumani iliviondoa sokoni 2002 kwa hofu ya madhara ya ini, na ingawa mahakama ilitengua uamuzi huo 2014, mwenye shida ya ini, anayekunywa pombe au anayetumia dawa nyingine amwone daktari kwanza.