Kabla Hujaichukia Pua Yako, Rudi Nyuma Hatua Mbili

Napiga picha Mwanga, hapa Kigoma mjini. Zamani kazi kubwa ilikuwa paspoti na harusi. Siku hizi wapo vijana wanaotaka picha ya kuweka kwenye programu za wachumba, Tinder, Badoo na wenzake. Na mimi nimo humohumo natafuta, kwa hiyo mambo haya nayaona nikiwa nyuma ya kamera na nikiwa mbele yake.

Wateja wa aina hii huanza na kasoro. "Kaka, hapa nipunguze," anasema mmoja huku ameshika shavu. "Rangi inyanyue kidogo." Wanaume hujifanya hawana maneno hayo, lakini wanayo sana: kitambi kifichwe, mabega yatanuke, na yupo anayetaka apigwe kutoka chini ili aonekane mrefu.

Dada mmoja alinionyesha selfi zake akilalamikia pua. Sikubishana naye. Nilichukua simu yake mwenyewe, nikaiegesha kwenye rafu, nikaweka taima, nikamwambia arudi nyuma hatua mbili. Picha ilipotoka tukaikata ukabaki uso, tukaiweka kando ya selfi. Akaangalia, akaangalia tena. "Ni simu hiihii?" Ndiyo hiyohiyo. Kamera ikiwa karibu mno na uso, kilichotangulia mbele kinakuzwa kuliko kilicho nyuma, na kwenye uso kinachotangulia ni pua. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walipiga hesabu wakaona kwamba selfi ya umbali wa sentimita 30 hivi huionyesha pua kuwa pana zaidi kwa karibu asilimia 30 kuliko picha ya mita 1.5. Maana yake kuna watu wanaichukia pua ambayo hawana!

Kwenye filta ndipo ninapogombana na wateja. Kuondoa chunusi ya juzi sina neno, kesho kutwa haitakuwepo. Lakini ukibadilisha taya, kiuno na rangi, laiki zikimiminika zinakwenda kwa mtu mwingine, na wewe unajua. Kinachofuata nimekiona mara nyingi: mtu anachati miezi na mwenzake wa Ujiji, hapo tu bajaji inapofika, na kila wakipanga kuonana mmoja anaumwa au ana msiba. Haogopi mtu yule. Anaogopa kulinganishwa na picha yake mwenyewe. Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: weka picha ambayo mtu akikusubiri pale stesheni ya reli atakutambua bila kukupigia simu.

Halafu kuna suala la kukosa majibu. Mji wetu si Dar es Salaam. Ukiperuzi jioni mbili tatu watu wanaisha, programu inaanza kukuletea wa mbali, na kwa kuwa inapima umbali kwa mstari ulionyooka, unaweza kuletewa hata mtu wa Kalemie. Sasa mtu yuko Kongo, katikati kuna Ziwa Tanganyika zima, hajakujibu, na wewe unakwenda kujikagua tumbo kwenye kioo. Tumbo limehusikaje?

Hapo ndipo wauza dawa wanapokunasa. Mkorogo naomba usiuguse. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, na zebaki huharibu figo. Vidonge vya kunenepesha navyo ni hivyohivyo: vingine ni deksamethasoni, dawa ya hospitali, inayovimbisha uso na ambayo ukishaizoea, kuiacha ghafla ni hatari. Kama umeshaanza, kamwone daktari badala ya kuacha kimyakimya.

Na akitokea wa kukuuliza kilo zako kabla hata hajauliza unaitwa nani, mfute. Wala usimweleze sababu.

Picha yenyewe si lazima uje kwangu (ingawa karibu). Nenda Kibirizi saa kumi na mbili jioni. Jua letu linazama upande wa Kongo, kwa hiyo ukigeukia ziwa mwanga unakuja usoni wenyewe, laini, hauhitaji filta. Mpe rafiki simu, atumie kamera ya nyuma, asimame mita mbili. Weka na moja ya mwili mzima, kwenye nguo unayovaa siku zote, si ya kuazima.

Mkielewana, onaneni mapema, ndani ya wiki moja au mbili, kabla kila mmoja hajamuumba mwenzake kichwani. Iwe mchana, mahali penye watu, hata pale mnapokula migebuka kila siku panatosha. Na kabla hujatoka, mwambie ndugu mmoja unakwenda wapi na kukutana na nani.